Faharasa Iliyompata Mama wa Kigongo

Mzee alikuja ofisini kwetu mara ya kwanza siku ya Jumatatu, amevaa koti la suti la kahawia na kandambili. Alikuwa fundi seremala wa Kigongo, pale kwenye kivuko cha kwenda Busisi, na mtu wa kanisani kwao alikuwa amemwambia kwamba kituo chetu cha Nyegezi kimeweka maneno ya wazee wa kando ya ziwa kwenye kompyuta.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumtafuta mama yangu."

Nikamkaribisha kiti, akanieleza. Mama yake alifariki miaka mingi iliyopita. Kabla ya hapo watu wa kituo walifika Kigongo na redio ya kaseti, wakamrekodi akisimulia maisha yake. Sasa binti wa mzee alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ukerewe. Upande wa kijana walisikia kwamba bibi wa binti alitoka visiwani, wakauliza alikuwa wa ukoo gani, isije ikawa wanaoana ndugu. Mzee hakuwa na jibu. Mama yake alilelewa na Wasukuma, akaitwa jina la Kisukuma, na habari za utoto wake hakuwahi kuwasimulia watoto.

"Ila akiwa na homa," mzee alisema, "alikuwa anaongea lugha ambayo hatukuijua. Na siku ile ya kaseti aliiongea vilevile. Nilimwona analia, sikujua analilia nini."

Nikamwuliza jina la mama. Lilikuwa jina la kawaida kwetu, lile la kuanza na Ng'wana, yaani mtoto wa fulani. Nikaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza. Kompyuta ikajibu: Hakuna kilichopatikana.

Nikajaribu tena taratibu. Jibu likawa lilelile.

"Mzee, hayumo," nikasema. Ninayakumbuka maneno hayo kwa aibu, kwa sababu niliyasema kwa uhakika mkubwa, kama mhudumu wa duka anayejua kilichomo na kisichomo kwenye rafu zake.

Aliitikia kwa kichwa akaondoka. Alhamisi akarudi. Safari hii hakukaa.

"Mwanangu, mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshikia mama kile kipaza sauti. Kama mashine inasema hayumo, basi mmoja wetu ni mwongo."

Alipotoka nilienda kwenye kabati la chuma nikachukua daftari la zamani la kaseti. Nilipekua kurasa mpaka nikaona mstari umeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Mwanamke, mkausha samaki, Kigongo. Anazungumza lugha zaidi ya moja." Jina halikuandikwa humo daftarini, namba ya kaseti tu. Kaseti zenyewe zilikuwa zimeshaliwa na ukungu. Sauti zilihamishiwa kwenye kompyuta kabla hazijaharibika, lakini waliozihamisha walianza kuhesabu upya, kwa hiyo namba ya daftari haikunipeleka popote. Hata hivyo nilijua sasa kwamba mzee alisema kweli.

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu. Nilisoma kompyuta hapahapa Nyegezi, nikaajiriwa na kituo kuyaweka masimulizi hayo mahali pa kudumu. Tulitumia hifadhidata ya XML. Ni kama nyumba yenye masanduku ndani ya masanduku: simulizi zima ni sanduku kubwa, ndani yake kuna masanduku ya mazungumzo, na kila sanduku lina lebo inayosema aliyezungumza, kwa jina alilojitaja kwenye kaseti, mahali na lugha. Ili upate neno bila kufungua masanduku yote, mashine hutengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, inayokuambia neno fulani liko wapi na wapi. Mimi niliiwasha faharasa kama ilivyotoka kwa waliotengeneza programu. Sikujiuliza walikuwa wanafikiria lugha gani walipoitengeneza.

Wiki hiyohiyo mkuu wa kituo aliniita. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, asiyependa mabishano. Akanieleza kwamba kampuni moja ya Dar es Salaam imependekeza kuchukua hifadhi yetu yote. Wangeshughulikia Kiswahili na Kiingereza. Masimulizi ya Kisukuma, Kikerewe na Kijita yangebaki kama picha za kurasa.

"Picha hazitafutiki, mkuu," nikasema.

"Hata sasa hazitafutiki. Watu wanakuja, wanaambiwa hakuna. Au nasema uongo?"

Kamati ya kituo ingekaa kuliamua hilo Ijumaa, wiki mbili baadaye. Nikamwomba aniachie siku hizo.

"Chukua," akasema. "Ila uje na kitu cha kuonekana."

Asubuhi yake nilikaa mbele ya kompyuta bila kujua pa kuanzia. Niliandika "Kigongo", yakaja majibu mengi kuliko ningeweza kuyasoma, maana kila aliyewahi kuvuka alikitaja kivuko. Niliandika "samaki", vivyo hivyo. Kisha, bila sababu maalumu, nikaandika "ng'ombe".

Majibu manane.

Sisi tuko Usukumani. Mle ndani kulikuwa na maelfu ya kurasa za wafugaji, watu ambao hawawezi kukusimulia harusi, msiba au safari bila kumtaja ng'ombe, na mashine yangu ilikuwa imewaona wanane tu. Nikacheka peke yangu mpaka mhasibu wa chumba cha pili akachungulia kuuliza kuna nini.

Nikafungua simulizi la mfugaji mmoja nikalisoma kwa macho. Ng'ombe walikuwa wamejaa kila mstari. Nikasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Ile alama ya juu, inayokaa kati ya ng na o, ilikuwa imelala upande usio wake. Haikuwa ile tunayoijua wote. Mashine ilikuwa inaihesabu kama uzio, inalikata neno vipande viwili, "ng" upande huu na "ombe" upande ule. Nikalitazama tena jina la mama wa Kigongo kwenye karatasi yangu. Lilianza na Ng'wana.

Nilichapisha ukurasa mmoja nikaenda nao Igoma, kwa mama aliyekuwa mchapaji wa kituo tangu mwanzo. Alikuwa amestaafu, anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake. Ni Mkerewe aliyeolewa na Msukuma, na aliajiriwa kwa sababu hiyo, maana masikio yake yalikuwa yanazisikia lugha zote za kaseti zile.

"Mama, hii alama umeichapa wewe?"

Akavaa miwani, akasogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango, akaanza kutabasamu.

"Ee, mimi. Kile kitufe chenyewe kilikufa mapema sana, nilikuwa nimechapa kurasa chache tu. Nilimwambia mkuu aliyekuwepo, akasema kitakuja kingine. Hakikuja. Nikatafuta kinachofanana, nikakipata kule juu pembeni kabisa, chini ya kidole kidogo. Kwani imekuwaje?"

Nikamweleza. Akaiweka karatasi mapajani.

"Kwa hiyo wote niliowachapa hawaonekani?"

"Wenye ng' hawaonekani, mama."

"Mungu wangu! Na katika Wasukuma ni nani asiyekuwa na ng'?" Akainuka. "Kesho nakuja kazini. Kuku watalishwa na mama mkwe wa mwanangu."

Nilimwuliza kama anamkumbuka mwanamke wa Kigongo aliyekausha samaki. Alifikiri, akatikisa kichwa. Alikuwa amechapa sauti za watu miaka na miaka, akasema, na zilipopita masikioni zikaenda kwenye vidole hazikubaki kichwani.

Alikuja kweli, na kuanzia siku hiyo tulifanya kazi ambayo sijawahi kufanya tena kwa raha ile. Jambo la kwanza lilikuwa jepesi: niliiamuru mashine izihesabu alama zote za juu, iliyosimama, iliyopinda na iliyolala, kama kitu kimoja, tena kama herufi iliyo ndani ya neno, siyo uzio. Nikajaribu kwenye simulizi moja. Ng'ombe wakaja kundi zima. Mama akapiga makofi.

Lakini kadiri tulivyochimba ndivyo tulivyokuta mengine. Mashine ilikuwa imefundishwa Kiingereza, lugha ambayo neno hubadilika mkiani, kwa hiyo ilikuwa inakata mikia. Maneno yetu hubadilika kichwani. Aliyetafuta "zaliwa" hakumpata aliyesema "nilizaliwa", wala "tulizaliwa", wala "hawakuzaliwa". Nilikaa nikaandika kanuni za kuvua vichwa, za Kiswahili kwanza, halafu mama akanisaidia za Kisukuma na Kikerewe. Alikuwa hajawahi kusoma sarufi, lakini nilikuwa namtajia neno, naye analigeuza huku na huku kama anachambua mchele, ananiambia kipi ni kichwa na kipi ni mwili.

"Mtu," nikasema.

"Msukuma anasema munhu. Sisi tunasema omuntu. Hapo mwili ni uleule, wamevaa kofia tofauti."

Kulikuwa pia na lile la L na R. Kisiwa kilekile cha Ukerewe mmoja alikitamka Bukerebe, mwingine Bukelebe, na mchapaji wetu mwaminifu alikuwa ameandika kila mmoja kama alivyotamka. Nikaiambia mashine kwamba inapotafuta, L na R zihesabiwe sawa. Mkuu wa kituo aliposikia hilo alicheka sana. Akasema walimu wamepigana na watoto wa kanda hii miaka yote kuhusu herufi hizo mbili, na mimi nimewasamehe wote kwa mstari mmoja.

Kazi kubwa ilikuwa lebo za lugha. Sanduku kubwa lilikuwa na lebo moja tu, Kiswahili au Kisukuma, lakini watu hawazungumzi hivyo. Mtu anaanza kwa Kiswahili kwa kumheshimu mgeni, anaingia Kisukuma akifika kwenye kilimo, akifika kwa mama yake anarudi kwenye lugha ya mama yake. Ilibidi kila sanduku dogo lipate lebo yake. Mama alisoma kurasa moja baada ya nyingine, anasema "Kisukuma, Kisukuma, Kiswahili, hapa Kijita", mimi naweka lebo. Tulianza na kundi la kaseti za Kigongo na jirani zake. Chai tulikunywa mezani palepale.

Jumatano kabla ya kikao nilijenga faharasa upya tangu asubuhi. Nilimpigia mzee simu nikamwomba aje, ingawa sikuwa na hakika. Alifika saa nne na koti lake lilelile. Mama mchapaji akamsalimia kwa Kisukuma, wakaulizana habari za kuku na za mbao.

Nikaandika jina la mama yake. Kwenye nafasi ya lugha nikachagua Kikerewe. Nikabonyeza.

Jibu moja.

"Yumo," nikasema. "Mzee, yumo!"

Nikageuza kioo ili mama mchapaji asome, maana mimi Kikerewe sikijui. Alisoma kimya mistari michache, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaanza kutafsiri, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Anasema hivi. 'Mwaka wa njaa mama yetu alikuwa ameshakufa. Shangazi alitupakia mtumbwini, mimi na mdogo wangu wa kiume, nimembeba mgongoni. Tulipofika ng'ambo, wenye mtama walisema wanataka mtoto wa kike wa kuwasaidia kazi. Shangazi akamfungua mdogo wangu mgongoni kwangu, akamfunga mgongoni kwake. Nilisikia mgongo wangu ukipoa. Mimi nikabaki, mtama ukaondoka.'"

Mzee alivua koti, akalikunja, akaliweka magotini. Mama mchapaji akaendelea. Mwanamke yule alikuwa ametaja jina la baba yake, ukoo wake, kijiji chao na miamba miwili mikubwa iliyokuwa nyuma ya nyumba. Akasema mdogo wake alikuwa na kovu gotini, alikomwagikiwa na uji wa moto, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapika siku ile, na jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

"Huo ukoo," mzee aliuliza hatimaye, "ndio wa mkwe wangu?"

"Siyo," mama akasema. "Ni mwingine kabisa. Harusi ipo!"

Hapo ndipo mzee alipocheka na kulia kwa pamoja. Akanishika mikono yote miwili. "Kumbe nina mjomba," akasema. "Umri wote huu, kumbe nina mjomba."

Ijumaa niliingia kwenye kikao cha kamati na kompyuta kwapani. Niliwaonyesha ng'ombe wanane wa zamani, kisha nikawaonyesha wa sasa, wakacheka. Mjumbe mmoja, mchungaji kutoka upande wa Mara, alisema kwamba hayo ya Kisukuma ameyaona, lakini Kijita je? Nikamsogezea kompyuta, nikamwambia aandike neno lolote alilolisikia kwa mama yake. Aliandika kwa kidole kimoja. Yakaja majibu, na la tatu lilikuwa la mzee wa kijiji cha jirani na kwao. Alianza kusoma kwa sauti akatusahau, ikabidi mwenyekiti amwombe aache ili kikao kiendelee.

Mkuu wa kituo alisimama. Akasema yeye ndiye aliyelileta pendekezo la kampuni, na yeye ndiye anayeliondoa. Wajumbe wote wakakubali lugha zote zibaki na ziendelee kuwekewa lebo, na mama mchapaji arudishwe kwa mkataba. Mama alipopewa habari aliuliza jambo moja tu, kama safari hii kitufe kitakuwepo.

Wiki iliyofuata nilivuka ziwa kwenda Nansio, Ukerewe, pamoja na mzee, mama mchapaji na binti aliyechumbiwa. Baba wa kijana alitupokea bandarini. Kijiji alikijua, na miamba ile miwili aliijua tangu utotoni. Ukoo ule bado upo pale, alisema, na kuna mzee mmoja mkongwe, ila hakutaka kumwahidi mtu chochote.

Tulimkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango, anabangua karanga kwenye ungo. Macho yake yalikuwa yamefifia. Mama mchapaji alimsalimia kwa Kikerewe, akamwambia tumekuja na sauti ya mtu, tunaomba aisikilize. Kila sanduku letu lina alama ya dakika na sekunde ya kaseti, kwa hiyo sikuhitaji kutafuta. Niliweka simu karibu na sikio lake, nikafungua palepale.

Sauti ya mwanamke ikatoka, nyembamba, na nyuma yake jogoo anawika Kigongo miaka mingi iliyopita.

Mkono wa mkongwe ulisimama ndani ya karanga. Alisikiliza mpaka pale pa mtumbwi. Alisikiliza mpaka pale pa mgongo uliopoa. Kisha akaijibu simu, kwa Kikerewe, maneno mengi ya haraka, kama watu wawili wanaoongea kila mmoja kwa zamu yake. Mama mchapaji alikuwa analia, hakuweza kututafsiria mpaka baadaye. Alikuwa amemwambia: "Dada, waliniambia ulizama. Nilikuwa naogopa maji kwa sababu yako. Ule uji nilijimwagia mwenyewe, nilivuta chungu. Siyo wewe."

Akaikunja suruali yake. Kovu lilikuwa limezunguka goti zima.

Mzee wa Kigongo, mtu mwenye wajukuu, alipiga magoti kwenye vumbi mbele yake. "Shikamoo mjomba," akasema.

"Marahaba," mkongwe akajibu kwa Kiswahili, akampapasa uso, paji, pua, masikio. "Marahaba mwanangu. Marahaba. Umekuja." Wanawake wa nyumba ile walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kumezaliwa mtoto.

Nilimwomba ruhusa nimrekodi naye, akakubali papo hapo. Alisimulia upande wake tangu shangazi aliporudi na mtama. Simulizi hilo nililiwekea lebo mwenyewe, likakaa kwenye hifadhi karibu na la dada yake, na yeyote anayetafuta jina la mmoja sasa anampata na mwenzake.

Harusi ilifungwa Kigongo baada ya mavuno. Mjomba alivuka ziwa kwa mara ya kwanza tangu ile safari ya mtumbwi, amevaa shati jeupe alilonunuliwa na mpwa wake, akawekwa kiti cha mbele, upande wa ndugu wa mama yake mzee, uliokuwa ukibaki mtupu kwenye sherehe zote za familia ile. Ngoma ilipoanza aliinuka kucheza bila kusaidiwa. Tulimwomba apumzike kidogo. Alikataa.